Kopo la Blue Band na mabalungi ya Muheza

Shingo ilinigeuka siku ya tatu baada ya kutoka wodi ya akili. Nimekaa zangu kwenye mkeka barazani nachambua mchele, naskia kama kuna mtu kanishika kidevu ananivutia bega la kushoto, narudisha hairudi, alafu macho nayo yakapanda juu yakaganda hukohuko, naona kenchi za bati tu, mate yananitoka na ulimi umekua mzito siwezi hata kumuita mtu. Bi mkubwa aliponikuta akapiga ukunga mtaa mzima ukajaa. Mmoja anasema degedege, mwingine anasema mmwagieni maji, na jirani yetu mmoja mama mtu mzima akatoa hukumu kabisa kwamba majini ya huyu mtoto hayajatoka, huko hospitali wameyaudhi tu. Ukaanza kutafutwa ubani.

Mdogo wangu wa kiume wakati ule alikua anaendesha bodaboda, akasema mi simjui jini yeyote, huyu naenda nae hospitali. Tukapanda mshkaki, ye mbele mi katikati wifi nyuma kanishika kichwa kama anabeba tikiti. Tulivyofika sista aliniona tokea mlangoni na aliuliza swali moja tu, "anatumia dawa gani?" Wifi kwa bahati alikua na ile karatasi kwenye pochi. Haloperidoli, dawa ya kutuliza akili. Nikachomwa sindano, haikupita nusu saa shingo ikarudi yenyewe mahali pake, macho yakashuka, nkaanza kulia manake nilidhani ndo ntaishi hivyo maisha.

Sista akatuambia hili jambo linajulikana kabisa, ni dawa yenyewe inakaza misuli, mara nyingi linatokea zile siku za mwanzo, na ndo maana watu hupewa na kidonge kingine cha kulizuia. "Nyie hamkupewa?" Tukaangaliana. Kumbe tulipewa. Kwenye bahasha za dawa kulikua na vidonge vidogo vyeupe, Artane wenyewe wanaita, na bi mkubwa aliviweka pembeni kwa sababu aliona mtoto anameza vidonge vingi mno, hivi vidogo bila shaka ni vitamini, vitasubiri. Hakuna aliyetuambia hiki cha nini na hiki cha nini, dirishani tulisukumiwa bahasha tatu tukaambiwa kutwa mara mbili, next. Na sisi hatukuuliza. Mtu umetoka wodini, aibu imekujaa, unachotaka ni kufika nyumbani kabla watu hawajarudi sokoni wakakuona.

Nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Mi ni fundi cherehani, niko Tanga, naumwa bipola, ugonjwa wa akili ambao hali yako inapanda mno alafu inashuka mno. Zamani nilikua naogopa kulisema hilo neno, sa hivi nalitaja kama mwingine anavyotaja presha. Mwaka 2016 nilikaa siku tano bila kulala na sikuchoka, yani nilikua naona watu wote wanaolala wanapoteza muda. Kazini nilikua na sare za harusi, vitenge vya wanawake 11, wameshatoa na advansi. Usiku wa nne nkavikata vyote. Sio kukata nguo, nlikata vipande nikaanza kuviunga pamoja kwa sababu nilipata wazo kwamba nishone pazia moja la kuanzia Raskazone mpaka bandarini, bahari ipumzike na jua. Nilikua na hesabu yake kabisa kwenye daftari, mita ngapi, uzi roli ngapi. Ile hesabu ninayo mpaka leo na ukiiangalia kujumlisha kote ni sahihi, ndo kinachonitisha. Vitenge vya watu nililipa kwa miaka miwili.

Hapo ndo nikalazwa, na hapo ndo nikaanza dawa. Haloperidoli ya kushusha ule moto, na kabamazepini ya kushika hali isipande wala isishuke. Hiyo kabamazepini watu wanaijua zaidi kama dawa ya kifafa, nikaulizwa sana mtaani "kwani we una kifafa?" Dokta alinionya jambo moja nikiwa bado sijaamka vizuri, akamwambia na wifi, wiki za mwanzo mkiona vipele mwilini au vidonda mdomoni msisubiri siku ya kliniki, mje siku hiyohiyo. Mi vipele sikupata alhamdulillahi. Lakini ule utaratibu wa kuambiwa kabla, laiti ningefanyiwa na kwenye shingo pia, mtaa usingeniona vile.

Alafu nikapona. Au niseme nilijiona nimepona, manake nlikua nalala, nakula, nashona, wateja wanarudi mmojammoja. Miezi nane. Ikaja Ramadhani ya 2017. Mi nafunga tangu mdogo, na dawa yangu moja ilikua asubuhi, nikajiamulia mwenyewe ya asubuhi naacha, nabaki na ya usiku. Baada ya siku kadhaa ya usiku nayo naifuturia nasahau, alafu nikaona mbona niko vizuri tu, kumbe hata sikuihitaji, na katikati ya mwezi nikaziacha zote. Sikumwambia mtu. Kila nikiamka vizuri nahesabu ushahidi. Hakuna mtu anayejua kujitetea kama mgonjwa aliyeacha dawa na bado hazijaisha mwilini.

Wiki moja baada ya Idi usingizi ukakatika. Mara ya pili ilikua mbaya kuliko ya kwanza, sitasimulia yote, niseme tu nilikutwa Chumbageni saa tisa usiku nagawa pesa ya kodi ya fremu. Nikarudi wodini. Dokta hakunigombeza, na hilo nalishukuru, alisubiri nimetulia akaniambia, "dada, kwenye kufunga tungepanga pamoja. Dozi zingine zinaweza kuhamia futari na daku. We ulitakiwa uje Shaabani uniambie." Akaongeza kwamba kabamazepini haiachwi ghafla, hata mtu ambae hajawahi kudondoka kifafa anaweza akadondoka akiikata siku moja. Nilikua sijui. Nilidhani kuacha ni kuacha.

Sasa tatizo la mikono. Haloperidoli ilinirudisha akili lakini mikono ikawa inatetemeka. Sio sana, mtu mwingine asingejali, lakini mi natunga uzi kwenye sindano mara sijui mia kwa siku. Nashika uzi naulamba naukaza, nalenga tundu, unapita kushoto, nalenga unapita kulia. Nilimlipa mtoto wa jirani shilingi mia tano kwa siku awe ananitungia akitoka shule. Na miguu nayo haitulii, nikikaa naskia kama ndani ya mifupa kuna mtu anataka kusimama, natembea dukani mlango mpaka cherehani, cherehani mpaka mlango. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu ameanza tena. Ugonjwa na madhara ya dawa ukiviangalia kwa nje vinafanana, na hata mwenyewe unachanganyikiwa usijue hiki ni kipi.

Kwa mara ya kwanza sikuacha dawa. Nilienda kliniki kabla ya tarehe yangu nikasema, "Shikamoo dokta, siwezi kutunga uzi." Sikusema najiskia vibaya, sikusema dawa kali. Nilimtolea sindano na uzi kwenye pochi nikamuonyesha palepale mezani. Aliniangalia ninavyohangaika, akaandika muda mrefu. Akaniambia haloperidoli ni dawa nzuri ila ya zamani, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 (imemzidi bi mkubwa miaka miwili), na kuna nyingine inaitwa olanzapini mikono haiisumbui sana ila ina mambo yake. Hatukubadilisha siku hiyo moja. Tulianza hii mpya usiku kidogo, ya zamani tukaipunguza nusu, wiki mbili tunaangalia usingizi, tunapunguza tena. Artane nayo ikapunguzwa taratibu mwishoni, na hapo niwaambie kitu, hizo Artane kuna vijana wanazitafuta kwa ajili ya kulewa, kijana mmoja wa kijiweni alishawahi kunisimamisha kistaarabu kabisa "anti, zile nyeupe ukibakiza unikumbuke." Tokea siku hiyo dawa zangu zinakaa kabatini nafunga kwa funguo.

Mambo yake olanzapini ni njaa. Yani unakula ugali umeshiba na bado unauangalia wa mwenzio. Nilitoka kilo 58 nikaingia 74 ndani ya mwaka. Kliniki walinipima sukari na mafuta kabla sijaanza na wakawa wanarudia, sukari ilikua sawa, lakini magauni yangu niliyojishonea mwenyewe yakanikataa. Na mtaani sasa badala ya kuniita kichaa wakawa wananiambia umenawiri mwaya, dawa zimekukubali. Niliumia kuliko walivyoniita kichaa, sijui kwa nini.

Hapo ndo yakaingia mabalungi. Kwa wasiojua Tanga, Muheza pale ni machungwa na jamii yake yote, msimu ukikolea balungi ni bei ya bure barabarani. Mteja wangu mmoja akanambia ananinywesha dawa ya kukata tumbo, juisi ya balungi asubuhi kabla hujala kitu, kikombe kikubwa, bila sukari, mwezi mmoja unaingia gauni la shule. Nikasema tunda hili, tunda lina ubaya gani? Nikanunua kapu.

Siku ya tano ya sita hivi naskia kichwa chepesi. Nikasema ni njaa, ndo tumbo linakatika. Nikawa natembea kama niko kwenye jahazi, nashika ukuta. Alafu asubuhi moja nimekaa kwenye cherehani naona sindano mbili. Nafunga jicho moja naona moja, nafungua naona mbili, na usingizi mzito mchana kweupe. Nikajua sasa ni kiharusi. Wifi akanipeleka, na bahati nzuri siku hiyo kliniki alikuwepo yule sista mkongwe wa afya ya akili, mama mmoja mfupi wa maneno machache, nampenda sana. Akaniuliza dawa umezidisha? Sijazidisha. Umebadilisha duka? Hapana. Kuna dawa nyingine umemeza? Hakuna. Akanyamaza kidogo akauliza, "Unakula nini siku hizi ambacho zamani ulikua huli?"

Nikasema mabalungi.

Mama wa watu alicheka mpaka akavua miwani. Alafu akanielezea kwa mfano ambao mpaka leo ndo nautumia kuwaelezea wenzangu pale kwenye benchi. Akasema ini lako ni kama konda wa daladala, dawa ni abiria, kazi ya konda ni kuwashusha kituoni kwa wakati. Balungi linamfunga konda mikono. Abiria wa kabamazepini wanapanda kila siku, hawashuki, gari inajaa mpaka inayumba, na we ndo gari. Sikuzidisha hata kidonge kimoja lakini mwilini zilikua zimejaa kama nimezidisha. Dokta akaja, damu ikachukuliwa, wakanipangia vya kufanya siku zile na wakaniangalia, mabalungi yakaishia hapo. Machungwa ya kawaida nakula mpaka leo hayana shida na mimi.

Lakini sista alikua hajamaliza. Akasema, "Kliniki ijayo nataka uje na kila kitu kinachoingia kwenye mwili wako. Sio cha akili tu. Kila kitu." Zamani vitu nilikua nabeba kwenye rambo, ila rambo zilikua zimepigwa marufuku Juni 2019, nikatafuta chombo nikakuta kopo kubwa la Blue Band bi mkubwa anawekea vifungo. Nikamwaga vifungo. Nikatia dawa zangu mbili, Panadol, dawa ya minyoo, unga wa mlonge, sijui chai ya kukata mafuta niliuziwa na dada mmoja kwenye basi, diklofenaki nilizokua namezaga mgongo ukiuma, na nikatumbukiza na kadi ya uzazi wa mpango kwa sababu tu ilikua kabatini pamoja.

Alimwaga kopo zima juu ya meza. Anachukua moja moja anasoma anaweka kushoto, anaweka kulia. Chai ya basi akaitupa bila kusema neno. Alafu akashika ile kadi.

"Una kijiti?"

Ninacho, nimewekwa mwaka jana zahanati.

"Uliwaambia unatumia kabamazepini?"

Nimwambie nani sasa jamani? Mtu wa uzazi wa mpango aliniuliza presha, akauliza sigara, akauliza kama nanyonyesha. Dawa za akili hakuuliza na mi sikusema, na niseme ukweli, hata angeuliza labda ningeficha, chumba kile kilikua na pazia tu na nje wamekaa wanawake wa mtaani kwangu wawili. Sista akarudi kwa konda wake. Balungi linamfunga konda, lakini kabamazepini yenyewe inamfanya konda awe na haraka, anawashusha watu kabla ya kituo. Homoni za kijiti zinashushwa njiani hazijafika. Kwa hiyo kijiti kipo mkononi, unakigusa unakiskia, ila huwezi kukitegemea. Nilikua nimechelewa siku kumi na mbili mwezi ule na nilishasema ni stresi. Kipimo cha mimba kilifanyika palepale, ile dakika ya kusubiri kile kimstari sitakuja kuisahau, kikatoka kimoja, yani sina mimba. Wiki ile ile kijiti kikatolewa nikawekewa kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni, konda hana cha kushusha.

Na akaniambia mapema, siku mkitaka mtoto na mzee wako, usianze kutafuta ndo uje, njoo kwanza tupange, kwa sababu dawa hizi zingine zinamgusa mtoto tumboni mwanzoni kabisa kabla hata hujajijua. Kuna dawa inaitwa valproiki nilikua nimeisikia kwa mwenzangu haina shida ya kijiti nikataka nihamishiwe, dokta akakataa kwa sababu hiyohiyo, akasema kwa mwanamke ambae bado anaweza kuzaa hiyo inaharibu mtoto zaidi. Basi nikanyamaza.

Malaria nayo. Tanga bila malaria haijakamilika. Nikaenda zahanati ya karibu na homa, kipimo cha haraka kikasoma, kijana akaanza kunihesabia mseto, vidonge 24, vinne vinne siku tatu. Miaka ya nyuma ningechukua nikaondoka, na nilishafanya hivyo, malaria ikarudi baada ya wiki mbili nikawalaumu mbu. Safari hii nikaweka kopo mezani nikasema, "samahani dokta, natumia na hizi." Yule kijana akataka kuendelea, alafu akasoma jina, akasimama. Akaingia ndani kumuita mkubwa wake. Wakarudi wawili na kitabu. Kumbe kabamazepini na mseto havitakiwi kwenda pamoja, konda anaushusha mseto haraka, wadudu wanabaki. Wakampigia simu dokta wangu wa akili, akaongea nao mwenyewe, nikaandikiwa dawa nyingine ya malaria na kuambiwa nirudi kupimwa tena, na kabamazepini nisiguse niendelee nayo. Yule kijana akanishukuru. Mi nikatoka pale kifua mbele, siwaongopei, nikiwa na homa ya nyuzi 39.

Sio kwamba nimekua mwalimu. Mwaka juzi dawa ziliisha hospitali, olanzapini hakuna, nenda kanunue nje. Nje nikapata, bei ya kuuza kuku, vidonge rangi nyingine na boksi lingine, na mi nilishazoea viwili vya tano tano usiku. Nikameza viwili. Nimeamka kesho yake saa nane mchana, mtoto analia, mteja kabisha mpaka kachoka kaondoka. Vilikua vya kumi kumi. Imeandikwa kwenye boksi kubwa tu, ila mi nilikua nahesabu vidonge, sihesabu miligramu. Sa hivi kila dawa nikipewa nasoma namba kwa sauti pale dirishani mbele ya anaenipa, wanaona mshamba, waone tu. Na zikikaribia kuisha siku kumi kabla nampigia sista, sisubiri kufika nikute dirisha limefungwa.

Kuna kipindi kingine nitapita haraka kwa sababu bado kinauma. Baada ya kupanda juu kuna kushuka, sonona yenyewe, na mwaka 2021 nilishuka nikakaa chini miezi mitatu. Nilifika mahali naangalia lile kabati kwa macho ambayo sio mazuri. Kitu pekee nilichofanya sahihi ni kumwambia wifi, hata sikupanga kusema, tulikua tunamenya viazi nikasema, "Wifi, dawa zangu naomba ukae nazo wewe, zote, usinipe kopo." Hakuuliza maswali. Alikausha mikono akaenda akachukua, na jioni ileile tukampigia sista. Wakanipa miadi ya kesho yake, kliniki wakaanza kunipa dawa za wiki moja moja badala ya za miezi miwili, na wifi ndo ananiletea kila usiku kwenye kisosi na maji. Ilichukua muda. Dokta aliongeza dawa na aliniambia kabisa hii usitegemee kesho, hesabu wiki, na kwenye hizo wiki njoo tuonane usikae peke yako. Nilienda hata siku nisizokua na la kusema.

Na mpaka leo tuna makubaliano yameandikwa, yako kwenye faili langu na nakala iko kwa wifi. Nikilala chini ya masaa matatu siku mbili mfululizo, wifi anapiga simu kliniki bila kuniomba ruhusa. Nikianza kununua vitambaa ambavyo hakuna alieagiza, anapiga. Nikisema "mi nimepona siitaji tena," anapiga. Hiyo ya tatu niliiandika mwenyewe. Ramadhani nayo ina karatasi yake, kila mwaka Shaabani dokta anakaa na mimi tunapanga kipi cha daku na kipi baada ya futari, na mwaka mmoja aliniambia mwaka huu usifunge, afya yako bado, nikaenda kumuuliza na sheikh wetu akasema hivyohivyo, mgonjwa ana ruhusa. Nililia lakini sikufunga.

Bi mkubwa ndo alikua wa mwisho kukubali. Ubani alikua anachoma kimyakimya mpaka juzijuzi hapa, nami namwachia, harufu nzuri. Sasa mwezi uliopita usiku wa kuamkia kliniki napanga kopo langu, akaja na leso imefungwa fundo. Akalifungua taratibu. Ndani kuna vidonge vyake vya presha, chupa ya mafuta ya kuchua, na diklofenaki za magoti zisizo na boksi, anazinunua duka la dawa kumikumi.

"Na hizi kamuulize."

Nikamwambia mama, yule ni wa kliniki ya akili.

"Kwani mi sina akili?" Akazitia kwenye kopo mwenyewe akafunika.

Kesho yake sista akamwaga meza nzima kama kawaida yake, moja kushoto moja kulia. Akafika kwenye zile za magoti akazishika, akaangalia za presha, akaziangalia tena. "Hizi za nani? Mtu wa presha hamezi hizi kila siku hivi, zinaipandisha." Za mama. "Mama mwenyewe yuko wapi?"

Yuko hapo nje, kwenye benchi, amekuja na mimi.